Wanyama wa Nchi ni Umma

Yapo maneno ambayo watu wa elimu huyatumia kila siku, nasi tukayapokea bila ya kuuliza yamebeba nini. Moja katika hayo ni neno fauna. Kijana akirudi kutoka skuli na kitabu chake cha elimu ya viumbe atakwambia kuwa fauna ni wanyama wote wa nchi fulani au wa zama fulani, kama vile flora ilivyo mimea yake. Maelezo hayo ni sahihi, na akiyaandika katika mtihani atapata alama zake. Lakini ndani yake mna suali ambalo kitabu cha skuli hakiliulizi. Hao wanyama "wa nchi" ni wa nchi kwa maana gani? Ni wa nchi kama mali ilivyo ya mwenyewe, au ni wa nchi kama wenyeji walivyo wa mji wao?

Msomaji asidhani kuwa tunachezea maneno. Jawabu tutakayoishika ndiyo itakayotuonyesha lipi twaweza kuwatendea viumbe hao na lipi hatuna ruhusa nalo.

NENO NA MAANA YAKE

Neno lenyewe ni la Kilatini. Fauna lilikuwa jina la mmoja katika miungu ya kike ya Warumi wa kale, zama za ushirikina wao. Mtaalamu wa Sweden aitwaye Carl Linnaeus alilichukua, na mwaka 1746 akachapisha kitabu alichokiita Fauna Suecica, chenye orodha ya wanyama wa nchi yake. Asili ya neno isitushughulishe sana. Lililo muhimu ni kazi ambayo neno hilo lilifanya: liliwakusanya pamoja mnyama wa miguu minne, ndege, samaki, nyoka na mdudu, likawafungamanisha wote na ardhi wanayokaa.

Sisi katika Kiswahili chetu cha kawaida hatuna neno moja la namna hiyo. Twasema wanyama, twasema ndege, twasema samaki, twasema wadudu, kila kundi na lake. Mwambie bibi wa Pwani kuwa dagaa ni mnyama, atakucheka. Tena tukilitazama neno mnyama tutaiona nyama imekaa ndani yake. Kiumbe amepewa jina kwa kile tunachokula kwake.

Waarabu humwita mnyama hayawan, neno lililotokana na hayat, yaani uhai. Na katika Qur'ani Tukufu, Sura Al-Ankabut aya ya 64, neno hilohilo limetumiwa kwa nyumba ya Akhera, kwa maana ya uhai ulio wa kweli. Ajabu ni kuwa neno hili tukufu lilipovuka bahari likafika kwetu liligeuka tusi. Mtu akikasirika na mwenziwe humwita hayawani, na aliyeitwa hivyo hutaka kupigana. Basi katika lugha yetu tuna jina moja la mnyama lililofungwa na chungu, na jina jingine lililofungwa na matukano. Si ajabu tukiona tabu kumfikiri mnyama kwa namna nyingine.

Lakini Waislamu tumepewa neno la tatu, nalo ndilo msingi wa makala haya. Katika Sura Al-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufundisha kuwa viumbe vyote vitembeavyo katika ardhi, na ndege warukao kwa mbawa zao, ni umma mfano wetu sisi, na kuwa wote watakusanywa kwa Mola wao. Umma! Neno tunalolitumia kwa wafuasi wa Mitume, neno la heshima na la udugu, Mwenyezi Mungu amelitumia kwa kunguru na kwa sisimizi. Umma una mpango wake, una rizki yake, una ajali yake, na una mwenyewe aliyeuumba. Hii, kwa kadiri tunavyofahamu, ndiyo maana ya ndani ya neno fauna, nayo ilikuwako kabla ya Linnaeus kwa zaidi ya miaka elfu moja.

TUTAZAME MAHALI PAMOJA

Ili maneno yasibaki hewani, natuchukue mahali pamoja tupatazame. Wengi wetu tunakula dagaa wa Kigoma, lakini ni wachache wanaojua wanatoka katika maji ya namna gani. Basi twende Ilagala.

Ilagala iko katika mkoa wa Kigoma, wilaya ya Uvinza, kusini ya Ujiji, pale mto Malagarasi unapokaribia kumwagika katika Ziwa Tanganyika. Ujiji watu wa Mrima na Unguja wanaijua tangu siku za misafara. Ndiyo ilikuwa mwisho wa njia ya Bagamoyo. Ilagala haina umaarufu huo. Ni nchi ya michikichi, mihogo na uvuvi, na mto wake watu huuvuka kwa kivuko.

Lakini kwa viumbe, pale pana miji miwili mikubwa iliyokutana: mji wa mto na mji wa ziwa. Wataalamu wanasema kuwa mto Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe, na kuwa zama za kale, kabla ya bonde la ziwa kudidimia, maji yake yalikuwa yakienda mpaka mto Kongo. Ndio maana mpaka leo wamo mtoni samaki ambao jamaa zao wako Kongo, ng'ambo ya ziwa. Huko juu mto unapita katika mabwawa makubwa ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 yaliandikwa katika Mkataba wa Ramsar, yakiwa mahali pa kwanza pa Tanzania kuingia katika mkataba huo wa kuhifadhi ardhi za maji. Huko anaishi korongo nyangumi, ndege mrefu mwenye mdomo mfano wa kiatu. Kuteremka chini kuna viboko na mamba.

Ama ziwa, khabari yake ni kubwa zaidi. Lina urefu wa kiasi cha kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470; duniani kote ni ziwa moja tu lililolipita kwa kina, nalo ni Baikal la Urusi. Umri wake wakadiriaji husema ni miaka kati ya milioni 9 na milioni 12. Katika muda wote huo viumbe vyake vimekaa humo kama watu wa kisiwa, wakizaana na kuachana kabila kwa kabila. Katika jamii ya perege na ngege peke yake wako aina zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani popote pengine chini ya mbingu.

Natuwataje baadhi yao, kwani mtu hawezi kuheshimu umma asioujua. Yuko kuhe, mkubwa kuliko wote wa jamii yake, ambaye dume na jike hulinda watoto wao pamoja. Wako samaki ambao mama hubeba mayai na watoto kinywani mwake. Na yuko samaki mmoja wa jamii ya kambale ambaye hutia mayai yake miongoni mwa ya mama huyo, naye masikini akawalea watoto wa mwenziwe kinywani bila ya kujua. Wako wadogo wanaofanya makombe matupu ya konokono kuwa nyumba zao. Wako wanaokula magamba ya wenzao; baadhi yao midomo imepinda kulia na wengine kushoto, kila mmoja akishambulia ubavu unaomwelekea. Na ikiwa wa upande mmoja watazidi, wanaoshambuliwa hujihadhari na upande huo, basi wa upande wa pili wakapata nafasi, mizani ikarudi. Nani aliyeipanga mizani hiyo katika kiza cha maji?

Wako hata konyeza, wale viumbe laini kama utando ambao wavuvi wa Pwani wanawajua kwa kuwasha. Na wako konokono wenye makombe mazito yenye miiba, mfano wa makombe ya baharini. Mwingereza John Speke alipofika Ujiji pamoja na Richard Burton mwaka 1858 aliokota makombe hayo akayapeleka kwao, na wataalamu wakashangaa. Baadaye mmoja wao, J. E. S. Moore, aliyefika ziwani mwaka 1896 na tena mwaka 1899, akadai kuwa ziwa hili zamani lilikuwa sehemu ya bahari. Rai hiyo imekwisha kuachwa. Leo inaelezwa kuwa makombe yale yamekuwa mazito kwa sababu ya kaa wa ziwani wenye magando ya nguvu. Konokono na kaa wameshindana zama na zama, huyu akizidisha silaha na yule akizidisha ngao.

Na juu ya yote hayo wako dagaa, aina mbili, jamaa wa mbali wa saradini wa baharini, na migebuka wanaowala. Hao ndio chakula cha watu. Tazama hapa hikima nyingine. Ziwa lina kina cha karibu kilomita moja na nusu, lakini hewa ya kupumulia viumbe imo katika maji ya juu, kiasi cha mita 100 mpaka 200. Chini ya hapo ni maji matupu yasiyo na samaki. Mtu akisimama ufukweni huona utajiri usio na mwisho. Kumbe uhai wote wa ziwa ni tabaka jembamba juu ya shimo kubwa.

MMOJA NA UMMA

Sasa twarudi katika suali letu. Mtu wa Ilagala atasema, na ana haki ya kusema: "Nyinyi mnaotukuza viumbe mko mbali. Mamba wa Malagarasi hamumjui. Mimi mke wangu huteka maji mtoni, na watoto wangu huoga humo." Hoja hii haifai kupuuzwa. Kuna nyumba katika nchi za mito zilizowahi kumzika mtu bila ya kiwiliwili chake. Anayempenda mnyama kwa kuwadharau watu hao hajui uadilifu.

Mafundisho ya dini yetu yametupa njia katika jambo hili, nayo ni kumtenga mmoja na umma wake.

Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kisa cha Nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi, akaamrisha kijiji chao chote kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu kuwa kwa ajili ya sisimizi mmoja ameuteketeza umma unaomsabihi, na akaulizwa kwa nini asiishie kwa yule mmoja. Tuzingatie lawama ilikoangukia. Yule aliyeuma angaliweza kuadhibiwa. Kosa lilikuwa ni kuvuka kutoka kwake mpaka kwa umma.

Na imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa lau si kwa kuwa mbwa nao ni umma miongoni mwa umma, angaliamrisha wauawe wote. Wenye madhara khasa akawapambanua na wengine. Imam al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, sawa na 998, alipoisherehesha hadithi hii alifahamisha kuwa haipendezi kuufuta umma mzima katika uso wa ardhi, kwani hakuna kiumbe ila katika kuumbwa kwake mna hikima na maslaha. Miaka elfu moja imepita tangu kuandikwa maneno hayo, na mkutano wowote wa leo wa kuhifadhi viumbe ungeyapokea.

Basi kanuni ni nyepesi kuieleza. Mmoja twaweza kumchukua kwa haja: tumle kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu, tumzuie kwa madhara yake, tumtumie kwa kazi bila ya kumtesa. Hata huyo mmoja ana haki zake. Imam Izz al-Din bin Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 1262, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenyewe, na miongoni mwao ni kulishwa hata akiwa mzee au mgonjwa asiyefaa tena kwa kazi. Lakini umma si wetu. Hatukuuzaa, hatukuununua, na tukiufuta hatuna uwezo wa kuurudisha. Mamba aliyemchukua mtoto ana hukumu yake. Mamba wa Malagarasi wote kwa jumla ni amana.

Hapa ndipo neno fauna linapokuwa na faida. Jicho letu kwa tabia yake humwona mmoja: huyu samaki katika sahani, huyu mamba mtoni. Neno hili latulazimisha kuuona umma nyuma ya mmoja, na kuuona pamoja na mahali pake. Kwa samaki wa Tanganyika jambo hili ni zito maradufu. Kuku akitoweka Tanga atapatikana Lamu. Samaki wa miamba ya ziwa lile akitoweka pale, ametoweka duniani.

Na tusidhani kuwa haya hayawezi kutokea. Katika Ziwa Victoria walitiwa sangara wa kigeni katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili kuongeza mapato. Mapato yaliongezeka kweli, na viwanda vikajengwa. Lakini katika miaka ya 1980 aina nyingi mno za furu, wale samaki wadogo wa asili, zilitoweka, na wakadiriaji huzihesabu kwa mamia. Waliowatia sangara hawakukusudia kuua umma. Walikuwa wakihesabu kilo.

MTIHANI WA SAMAKI

Kisa kingine katika Qur'ani chawahusu wavuvi wenyewe. Katika Sura Al-A'raf, kuanzia aya ya 163, yatajwa khabari ya mji uliokuwa kando ya bahari, ambao watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Mtihani wao ulikuwa mgumu: siku waliyokatazwa samaki walikuja juu ya maji tele, na siku nyingine hawakuja. Wafasiri wanaeleza kuwa wakafanya hila. Walitega mapema, wakaacha samaki wanase siku ya Sabato, kisha wakawatoa baada yake, wakasema: hatukuvua.

Tuyalinganishe haya na ziwa. Tangu zamani wavuvi wa dagaa wa Tanganyika huvua usiku wa kiza kwa taa, zamani karabai na siku hizi hata taa za umeme wa jua. Mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa haiwakusanyi dagaa, basi vyombo hupumzika ufukweni kwa siku kadha. Kwa hivyo siku zilezile nyeupe za kati ya mwezi, ambazo sisi tumesuniwa kufunga, ziwa nalo lilikuwa na mapumziko yake, na hakuna serikali iliyoyaweka.

Lakini watu wameongezeka na nyavu zimeongezeka. Kumekuja kokoro, linalokokota kila kilichomo katika maji haba ambamo samaki wengi hulelea watoto. Kumekuja nyavu za matundu madogo, hata chandarua cha mbu kilichotolewa ili mtoto alale salama kikageuzwa wavu wa kuvulia vifaranga vya samaki. Kila mtu anazo hoja zake: wadogo ni watamu, wakubwa hawapatikani tena, nisipovua mimi atavua jirani. Hoja hizi si mpya. Zimo katika kisa cha watu wa Sabato, kwani asili ya hila yao ilikuwa ni kutii kwa ulimi na kuvunja kwa wavu.

Mwaka 2024 nchi nne zinazolimiliki ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Kwa upande wa umma wa ziwa, hii ni siku ya Sabato iliyorudishwa.

HAKI YA MVUVI

Hata hivyo, kuna upande wa pili, na asiyeutaja hatoi mizani kamili. Miezi mitatu bila ya kuvua ni miezi mitatu bila ya chumo. Mwenye duka na gari hatatikisika. Atakayetikisika ni baharia anayelipwa kwa usiku mmoja mmoja, na mwanamke anayeanika dagaa ufukweni na kuuza kwa fungu. Sayyidna Umar (r.a.) mwaka wa njaa kubwa alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi, kwa kuwa njaa huingia katika hukumu. Serikali au jamii inayomwambia mtu aache kuvua inabebeshwa swali la pili papo hapo: watoto wake watakula nini mpaka ziwa lifunguliwe?

Tena si uadilifu kuuweka mzigo wote juu ya mwenye wavu. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na kwa sababu hiyo hayachanganyiki vyema na maji ya chini yenye rutuba. Chakula cha asili cha samaki kilikadiriwa kuwa kimepungua kwa kiasi cha sehemu 20 katika 100. Na utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma matope ya chini ya ziwa, ulionyesha kuwa kupungua huko kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara wa katikati ya karne ya 20. Joto hilo asili yake ni moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali. Mvuvi wa Ilagala hakulitia yeye. Na udongo unaoteremka kutoka milima iliyokatwa miti hufunika miamba wanamoishi samaki, ingawa waliokata miti hiyo hawakuwa na nia yoyote na samaki. Dhuluma ya kuufuta umma mara nyingi haina mtu mmoja wa kukamatwa. Imegawanyika mikononi mwa wengi, na kila mmoja akitazama mkono wake huona doa dogo.

Kigoma yenyewe imetoa mfano wa njia ya kushika. Kaskazini ya mji huo uko msitu wa Gombe, ambako Mwingereza Jane Goodall alifika mwezi wa Julai 1960 kuwasoma sokwe. Mwaka uleule aliwaona wakitengeneza vijiti vya kutolea mchwa katika vichuguu, jambo ambalo wataalamu walidhani hakuna alifanyaye ila binadamu. Gombe ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Lakini miti ya nje ya hifadhi iliendelea kukatwa, sokwe wakabaki kama watu waliozingirwa. Goodall, aliyefariki mwaka 2025, na wenziwe walitambua kuwa sokwe hawatasalimika maadamu wanakijiji wana dhiki. Basi mwaka 1994 ukaanzishwa katika vijiji vya Kigoma mradi wa TACARE, ulioanza na haja za watu: kilimo, miti, afya, na mikopo midogo ya wanawake. Funzo lake ni kuwa haki ya umma wa porini na haki ya jirani masikini hazigombani kama tunavyodhani. Atakayeanza kwa kuikanyaga moja ataipoteza na ya pili.

KESI YA WANYAMA

Waislamu wa kale hawakuona haya kulizungumza jambo hili. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama, na aliona kuwa kijiwe humwonyesha mtu dalili za Mwenyezi Mungu sawa na mlima. Huko huko Basra, katika karne ya 10, kundi la Ikhwan al-Safa, ingawa maulamaa wengi hawakukubaliana nao katika itikadi, walitunga hadithi ya ajabu ambamo wanyama wanawashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Wanadamu hutoa hoja zao: umbo letu ni zuri, sisi tuna akili, tuna ufundi, tuna miji. Kila hoja wanyama huijibu: nyuki ana ufundi, sisimizi ana mji. Mwishoni wanadamu wanashinda kwa hoja moja tu, kwamba wao wameahidiwa kufufuliwa na kuishi milele.

Tuifikiri hoja hiyo. Sisi huifurahia kwa kuwa inatupa daraja. Lakini hoja hiyohiyo ndiyo inayotufunga, kwani aliyeahidiwa kufufuliwa ameahidiwa pia kuulizwa. Imepokewa kuwa hata shomoro aliyeuawa bure atamshitaki muuaji wake Siku ya Kiyama. Ikiwa shomoro mmoja ana kesi, umma mzima uliokatwa katika uso wa ardhi utakuwa na kesi gani?

Kwa hivyo suali tuliloanza nalo tulijibu hivi. Wanyama wa nchi ni wa nchi kama wenyeji walivyo wa mji wao. Sisi ni jirani zao, na tumepewa nguvu juu yao na ruhusa ya kula kwa haja. Ruhusa hiyo inaishia kwa mmoja mmoja. Juu ya umma tuna ulinzi tu.

Wala msomaji wa Mombasa, Pemba au Tanga asiseme kuwa haya ni mambo ya watu wa bara. Katika kisa cha mji wa Sabato watu walikuwa makundi matatu: waliovua kwa hila, waliowakataza, na waliokaa pembeni wakiwauliza wenzao kuna faida gani kuwaonya watu wale. Qur'ani imetaja wazi kuwa waliokataza waliokoka, na kuwa madhalimu waliadhibiwa. Wafasiri wakakhitalifiana juu ya lile kundi la tatu. Wengi wetu tumo humo. Dagaa wa Kigoma hufika masokoni kwetu, wakaingia jikoni, na hakuna anayeuliza walivuliwa kwa wavu gani. Mama mwenye nyumba anayekataa kununua vifaranga vya samaki, awe Feri au Kigoma, amekwisha kutoka katika kundi la tatu. Mwalimu wa chuo anayewafundisha watoto kuwa hayawani ni neno la uhai na halifai kuwa tusi, naye ametoka. Na tajiri anayemkumbuka mvuvi kwa sadaka yake katika miezi ambayo ziwa limefungwa, ametoka na ana thawabu mbili, ya aliyelishwa na ya aliyeachwa akazaa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wema wa tulichokabidhiwa. Wabillahi taufiki.